Kusomea Familia kwa Pesa za Familia: Mwongozo wa Msafiri Asiyejua

Mgeni anayekuja Nyeri huambiwa abebe sweta. Ushauri huo unamtosha mtu wa kutazama kaburi la Baden-Powell, kula nyama choma Kamakwa na kupanda matatu ya kurudi Nairobi kabla ya giza. Mwongozo huu si wake. Ni wa kijana wa hapa hapa, wa Othaya, Tetu au Mathira, aliyepata C+ katika KCSE, akaitwa chuo kikuu kusomea mambo ya familia, na ambaye kesho kutwa anavuka mpaka kuingia nchi ya Deni bila ramani, huku ukoo mzima ukimpungia mkono na kila mmoja akikumbuka kimoyomoyo alichotoa.

Ninauandika nikiwa na sifa moja tu: nimekuwa mdhamini. Jina langu na nambari ya kitambulisho changu vimo kwenye fomu ya mkopo ya mpwa wangu, na tangu hapo simu yoyote ya nambari nisiyoijua huipokea nikiwa nimekaa.

Tuanze na kozi yenyewe, maana nayo husafiri kwa majina mengi. Mama zetu waliijua kama sayansi kimu: kupika, kushona, kufua, kulea, na kupanga pesa za nyumba zisiishe kabla ya mwezi. Kabla yao, klabu za Maendeleo ya Wanawake, zilizoanza mwaka 1952, ziliwafundisha nyanya zetu mambo yayo hayo bila shahada na bila mkopo. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilianzisha hazina ya kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma ng'ambo. Nyeri inaukumbuka mwaka 1952 kwa sababu nyingine kabisa, ile Hali ya Hatari, lakini ukipenda unaweza kusema kwamba elimu ya nyumba na deni la elimu ni ndugu wa tumbo moja.

Kisha kozi ikapanda cheo. Kule Marekani, ambako Ellen Richards na wenzake walikutana Lake Placid mwaka 1899 ili kuipa heshima ya kitaaluma, chama cha wataalamu wake kilibadili jina mwaka 1994, na somo likawa sayansi ya familia na walaji. Vyuo vyetu navyo vikavaa nguo hiyo. Chuo Kikuu cha Eldoret, kwa mfano, kinafundisha somo hilo kwa jina hilo hilo. Shangazi yake mpwa wangu, mkulima wa chai Othaya, aliposomewa barua ya kuitwa chuoni aliuliza swali moja. "Familia tunaijua. Hao walaji ni kina nani?"

Hakuna aliyemjibu. Ilituchukua miaka mingi kuwafahamu.

Mlango wa kuingilia

Mpaka wa nchi ya Deni uko ndani ya saiba, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Hapo uamuzi wa miaka minne hufanywa na kijana wa saiba kwa dakika kumi, huku nyuma yako watu sita wakisubiri kuchapisha CV. Usimlaumu. Katika KCSE ya mwaka 2024 peke yake, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, alama ya chini ya kuingilia shahada, na saiba za nchi hii hazikupanuliwa kwa ajili yao. Yeye hutazama pointi zako za klasta, hutazama kozi ambazo hazijajaa, kisha hukuuliza, "Niweke hii?" Mpwa wangu alisema weka. Alikuwa ameona neno familia, na familia alikuwa nayo.

Kabla hujasema weka, uliza ni nani atakubali kukuandika kwenye daftari lake ukimaliza. Nchi hii ina madaftari mengi. Ukitaka kuwa mtaalamu wa lishe, kuna taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, KNDI, na ndiyo husajili. Ukitaka kukaa kwenye kiti na kulipwa kwa kusikiliza mume na mke wakilaumiana, kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, nayo ina bodi yake. Ukitaka kufundisha, tume ya walimu, TSC, haiulizi unavyopenda watoto. Inauliza masomo mawili ya kufundishia, na mwenye shahada isiyo ya ualimu hurudi kuongeza stashahada ya uzamili, yaani karo nyingine. Shahada ya familia hugusa lishe, hugusa ushauri, hugusa malezi, hugusa vitambaa. Mwenye nayo hufanana na jirani aliyealikwa harusi tatu kwa siku moja: kote anajulikana, na kote hakuwekewa kiti.

Mpwa wangu aliligundua hilo mwaka wa tatu, alipopeleka barua ya kuomba atachimenti katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mama mmoja mpole alimwambia wao huchukua wa lishe. Akasema amesoma lishe. Akaambiwa wa lishe ni wale waliosoma lishe tu.

Kwa hiyo, tafuta pia kama kozi yako imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na uandike majibu yote kwenye karatasi, si kwenye simu, maana simu utaiuza mwaka wa pili. Na mtu akikulinganisha na Wangari Maathai, mtoto wa Tetu aliyekwenda Kansas mwaka 1960 akarudi na shahada za baiolojia, mwambie kwa heshima kwamba yule alikwenda kwa ufadhili. Wewe unakwenda kwa mkopo, na udhamini wa mjomba.

Wenzetu Marekani wana njia yao ya kupima haya. Tangu mwaka 2015 serikali yao ina tovuti iitwayo College Scorecard, na sasa mzazi anaweza kufungua jina la chuo na kozi akaona wahitimu wake walitoka na deni la kiasi gani na wanapata mshahara gani. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa na mama muuza viazi wa soko la Karatina. Ukimuuliza habari za binti fulani aliyesomea mambo ya familia, hafungui tovuti. Anafikiri kidogo, anasema, "Yule? Bado namwona akitembea kwa miguu." Takwimu zimetoka.

Sarafu na viwango

Nchi ya Deni hutumia shilingi, lakini si zile za mfukoni. Wanafunzi wa zamani waliziita bumu. Siku hizi jina la bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ndilo jina la pesa. HELB ikiingia, wauza simu wa mjini hujua kabla ya wazazi.

Mpwa wangu alisoma kati ya mwaka 2018 na 2022, enzi ambazo mwanafunzi wa serikali alitozwa karo ya 16,000 kwa mwaka na kukopeshwa zisizozidi 60,000. Alitoka na deni la 180,000. Wakati ule tulidhani ni pesa nyingi. Wewe utacheka, kwa sababu mwezi Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mpango mpya uliokata gharama ya kozi vipande vitatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo, na fungu la familia. Familia zikapangwa kwa bendi tano. Ya kwanza, ya wasio na kitu, hupewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, na familia hutafuta 5. Ya tano hupewa ufadhili wa 30 na mkopo wa 30, na familia hubeba 40. Juu yake huongezwa mkopo wa kujikimu, kuanzia 60,000 kwa mwaka katika bendi ya kwanza hadi 40,000 katika ya tano. Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kuwa mpango huo unakiuka Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Mzazi aliyeshangilia Krismasi alikuwa bado anatafuta karo Pasaka.

Utawekwa bendi gani? Utajaza maswali mtandaoni kuhusu nyumba, mifugo, kazi ya wazazi na shule ulizosoma, na mashine itakupima umaskini. Hapa watu wa Nyeri hupata shida ya pekee. Tumezaliwa tukifundishwa kutokuonekana maskini. Baba mwenye ekari moja na nusu ya chai, ng'ombe wawili na nyumba ya mawe iliyojengwa kwa miaka 19 atajieleza mbele ya mashine kama anavyojieleza kanisani, na mashine itamwamini. Jirani yake, mwenye maduka mawili Kiganjo, atakumbuka ghafla kwamba mvua haikunyesha.

Tufanye hesabu. Tuseme kozi inagharimu 180,000 kwa mwaka. Huo ni mfano wangu, barua yako ina yake. Uko bendi ya tatu: ufadhili 50, mkopo 30, familia 20, na kujikimu 50,000. Mkopo wa karo ni 54,000, jumla na wa kujikimu 104,000 kwa mwaka. Mara nne ni 416,000. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukilipa kwa miaka kumi, ni kama 4,200 kila mwezi, na mwisho utakuwa umetoa zaidi ya nusu milioni. Nyumbani nao wametafuta 36,000 kila mwaka, yaani 144,000.

Nikiri jambo moja ambalo wenye kulalamika hawapendi kulisikia: asilimia 4 ni bei nafuu. Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022 hutoza 8, na mikopo ya simu heri usiihesabu kwa mwaka, utalia. Hakuna atakayekukopesha tena kwa bei hiyo maishani mwako. Shida ni kwamba mkopo nafuu wa kununua ng'ombe asiyetoa maziwa bado utaulipa kila mwezi.

Hali ya hewa

Julai kuna baridi na kazi hakuna. Miezi mingine, ondoa baridi.

Wenyeji na desturi zao

Sehemu hii isome mara mbili.

HELB ndiye mdai mpole kuliko wote utakaokutana nao. Hutuma ujumbe. Huandika kwa adabu. Anajua mpaka senti unachodaiwa, na siku ukimaliza atakupa cheti cha kwamba umemaliza. Wadai wako wengine hawana daftari, hawatozi riba, hawatumi ujumbe, na hakuna cheti cha kumaliza.

Mchukue shangazi. Vyuo hufungua Septemba, bonasi ya chai hulipwa Oktoba, na mwezi huo mmoja wa katikati ndio unaonenepesha sacco zetu. Shangazi alichukua adivansi juu ya bonasi ambayo hajaiona, ili alipe hosteli ambayo hataiona. Alifanya hivyo miaka minne. Hajawahi kuitaja. Ila mpwa wangu ana jina la nyanya yake, mamake shangazi, kwa hiyo kwa mila yetu shangazi humwita maitu, mama yangu. Sasa jaribu kumkatalia kitu mtu aliyekulipia hosteli na bado anakuita mama.

"Maitu, si wewe ndiye uliyesomea nyumba za watu?"

"Ni mimi, tata."

"Basi huyu kijana wangu na mkewe hawasemezani tangu Jumapili. Njoo Jumamosi. Nitapika mukimo."

Nauli ya Othaya ni ya mpwa wangu. Saa nne za ushauri hazina ankara. Jumamosi iliyofuata ni binamu wa Mukurweini, na baada yake dada wa binamu. Wachekeshaji wa Nairobi wametupatia sifa kwamba Nyeri ni mji wa waume waliochapwa, na wakati kozi hii ilipotangazwa kwenye meza yetu kuna mzee mmoja aliyesema kwa uhakika kwamba huyu mtoto hatakosa wateja. Hakukosea. Wateja wamejaa kuanzia Chinga hadi Kamakwa. Wanaolipa ndio hawajazaliwa.

Mchukue guka, babu yake. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye paji jeupe, aliyekuwa akimpa kikombe cha asubuhi na cha jioni na cha kuuza. Ng'ombe huyo aliondoka wiki ya kufungua chuo akiwa kwenye pikapu. Tangu hapo guka hunywa chai ya rangi. Hasemi kitu. Lakini mpwa wangu akiwa nyumbani, guka hukorogakoroga hiyo chai ya rangi kwa kijiko, taratibu, muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

Wachukue akina mama wa kanisa, waliofanya harambee baada ya ibada na kusoma majina ya waliotoa pamoja na kiasi, kwa kipaza sauti. Hao wanadai kitu kidogo tu: kila mwaka, siku ya vijana, mpwa wangu aje azungumze kuhusu malezi bora. Hana mtoto. Anazungumza.

Na mchukue kaka yake. Huyu nimemweka mwisho kwa sababu sijui niandike nini. Alikuwa akisomea umeme katika chuo cha ufundi, amebakiza mwaka mmoja, na pesa zilikuwa za mtu mmoja. Familia ilikaa, ikapima, ikaona shahada ni shahada. Akatoka, akaanza kuendesha boda pale Ruring'u, "kwa muda". Leo ana mke na watoto wawili, na mafundi umeme aliosoma nao wana vibanda vyao. Hajawahi kumlaumu dadake kwa neno moja. Humbeba bure akitoka stejini. Hesabu yote ya asilimia niliyokufanyia hapo juu, ya bendi na riba na miezi, haina safu ya kuandika jambo hili, na mimi naamini ndilo deni kubwa kuliko mengine yote.

Kozi yenyewe ina kitengo cha usimamizi wa rasilimali za familia. Mpwa wangu alipata A. Mtihani uliuliza jinsi familia yenye kipato kidogo inavyogawa rasilimali kati ya watoto. Aliniambia kuwa aliandika kurasa sita, akaomba karatasi ya ziada.

Forodha

Kenya huanza kudai mkopo mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe na kazi au uwe unahesabu magari Kimathi Way. Kule Uingereza, mwanafunzi aliyeanza chuo tangu Agosti 2023 haguswi mpaka mapato yake yazidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kitakachobaki baada ya miaka 40 kinafutwa. Tanzania nao, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, hukata asilimia 15 ya mshahara. Tukisikia hivyo huku tunashtuka, lakini angalau asilimia 15 ya sifuri ni sifuri. Kwetu, sifuri yako huongezwa faini ya 5,000 kila mwezi ukiacha kulipa. Hiyo ni 60,000 kwa mwaka, zaidi ya mkopo wa karo wa mwaka mzima katika mfano wetu wa bendi ya tatu. Kisha jina hupelekwa CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo, halafu wadhamini huanza kukumbukwa. Mara kwa mara bodi hutangaza msamaha wa faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo, na siku hizo utaona watu wazima, wakubwa wa ofisi, wakitembea wepesi barabarani.

Hata ukitaka kazi ya serikali ya kulipia deni hilo, utaulizwa cheti cha HELB cha kuonyesha kwamba huna tatizo nalo, pamoja na cha KRA, cha EACC, cha CRB na cha tabia njema kutoka kwa polisi. Ni kama kumwambia mtu anayezama alete kwanza nguo kavu.

Mpwa wangu alibahatika. Mwaka 2025 alipata kazi ya mkataba katika mradi mmoja wa watoto, mshahara 30,000. Siku alipopata pesilipu ya kwanza alikuja nayo Othaya, tukaisoma mezani kama barua ya chuo ilivyosomwa. NSSF 1,800. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, ikachukua 825. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ukawa 450. PAYE 731. HELB 3,000. Kilichobaki ni 23,194, kabla ya kodi ya nyumba, nauli, na Jumamosi za Othaya.

Shangazi alivua miwani.

"Ndio hao," alisema. "Walaji."

Angekuwa wa bendi ya tatu katika mfano wetu, HELB ingechukua 4,200 na angebaki na kama 21,990. Andika nambari hiyo kwenye kiganja kabla hujasema weka. Lakini usiishie hapo, maana mshahara wa kozi hii hauko kwenye pesilipu, na wengi hulijua hili wakiwa wameshakata tamaa.

Mambo ya kutazama

Kila mtu akikuambia kozi ya familia haina pesa, mwulize keki ya mwisho ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, aliyokula iligharimu kiasi gani.

Mpwa wangu alianza na keki kwa sababu ya jirani. Kisha mapazia, maana alikuwa na cherehani ya mamake na kitengo kizima cha vitambaa kichwani. Kisha mapambo ya hema. Leo, wikendi moja nzuri ya Agosti au Desemba, kwa kupika, kupamba na kupanga ruracio mbili, hupata zaidi ya anachobaki nacho kwa mwezi katika mradi wa watoto. Anajua kiasi cha nyama kwa watu 150. Anajua mama wa bibi harusi akae wapi ili asimwone shemeji waliyekosana naye. Anajua kuweka pesa za chakula na pesa za usafiri katika bahasha mbili zisizokutana. Yote haya aliyasoma chuoni, katika vile vitengo ambavyo wanafunzi wa uhandisi waliviita vya kupika chapati. Vitengo vilivyokuwa na maneno marefu, vya nadharia na mifumo, ndivyo vilivyompatia ule mkataba unaoisha kila baada ya miezi 12.

Sisemi usiende chuo ukanunue sufuria. Sufuria bila hesabu huzaa hasara, na nimeshuhudia mpishi mmoja aliyelisha watu 400 akarudi nyumbani akidaiwa na mwenye mbuzi. Ninachosema ni kwamba kama kozi ina kitengo cha chakula, cha vitambaa na cha biashara ndogo, vishike hivyo kwa mikono miwili tangu muhula wa kwanza. Nunua cherehani kwa HELB ya kwanza kabla ya simu. Uza kitu kabla ya kuhitimu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, pale njia ya Mweiga, kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi, na mpaka leo kina mibuni yake na kahawa yake. Kama chuo kikuu chenye mashine na wahandisi hakioni aibu kuuza kahawa, wewe wa familia unaona aibu gani kuuza mandazi hosteli?

Na kwa wale wa saikolojia ya familia na ushauri: jisajili, toza ada, na uanze na watu wasiokuita mama.

Hatua ya mwisho ya safari sikuipanga kuiandika, ila imetokea juzi. Mpwa wangu ameposwa. Kijana ni mhitimu wa biashara, mtu wa heshima, naye ana HELB yake. Upande wao walikuja kwa matatu mbili, wakaketi, wakanywa uji, na ilipofika wakati wa kutaja mwati na harika, yaani kondoo na mbuzi wa mahari, msemaji wetu alisimama akaeleza tulivyomsomesha huyu mtoto. Alieleza vizuri. Alitaja chai, alitaja kanisa, alitaja usiku wa manane. Lengo lilikuwa wazi: mbuzi wapande.

Msemaji wao, mzee mwembamba wa Mukurweini, alisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa.

"Tumesikia mlivyosomesha, na tunashukuru sana. Kabla hatujataja mbuzi, tungependa kujua kitu kimoja. Huko kusomesha kumekwisha kulipwa, au tunakuja kumalizia?"

Tuliomba ruhusa twende ndundu, kushauriana faraghani. Tukasimama nyuma ya zizi, wanaume saba na shangazi aliyetufuata bila kuitwa, tukajaribu kujumlisha. HELB ilikuwa rahisi. Mpwa wangu alitoka nje akafungua simu, akatuonyesha nambari mpaka senti. Shangazi alisema adivansi zake tuziache. Kaka yake alisema yeye hadai kitu, akaenda kuangalia pikipiki kama iko pale alipoiacha. Guka alikuwa ameegemea mlango wa zizi. Tulipomuuliza yule ng'ombe aliuzwa kwa bei gani, alisema hakumbuki.